Watu wa Mfereji: Habari za Wakulima wa Engaruka

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Mtu atokaye Mto wa Mbu akafuata barabara ya kaskazini iendayo Ziwa Natron, huku ukuta wa Bonde la Ufa ukiwa mkono wake wa kushoto, hufika Engaruka, katika Wilaya ya Monduli, Mkoa wa Arusha. Nchi yenyewe ni kavu. Mvua ni haba, na mkulima anayeitegemea hiyo peke yake hupanda kwa kubahatisha. Hata hivyo, chini ya ukuta huo, katika nchi hiyo hiyo ya vumbi na migunga, yapo mawe yaliyopangwa kwa mikono ya watu: kingo za mashamba, mifereji, viwanja vya nyumba, na marundo ya mawe yaliyookotwa ili jembe lipate kupita. Mawe hayo yameenea katika eneo la hekta zipatazo 2,000. Kwa muda wa karne kadhaa mashamba hayo yalilisha maelfu ya watu. Kisha watu wakaondoka, na hadi leo hapana kabila moja linalokubaliwa na wote kuwa hao ndio wazee wake.

Habari za watu hao zinawahusu wanachama wa vyama vya msingi kuliko habari nyingi za wafalme na vita zinazofundishwa shuleni. Hapo Engaruka halikuonekana jumba la mtawala. Kilichoonekana ni kazi ya wengi, tena kazi ya namna isiyoweza kufanyika pasipo mapatano ya kudumu. Mapatano yenyewe hayakuandikwa. Lakini yamesalia katika mawe, na mwenye kuitazama mifereji kwa makini aweza kuyasoma kama asomavyo kumbukumbu za mkutano.

Yafaa kwanza kueleza jinsi maji yalivyokwenda. Juu ya ukuta wa Bonde la Ufa ziko nyanda za juu za Ngorongoro, zenye misitu, ukungu na mvua ya kutosha. Maji ya huko hushuka kwa makorongo na kutokeza uwandani. Mto Engaruka ndio mkubwa, nao hutiririka mwaka mzima. Kando yake, kusini na kaskazini, yako makorongo mengine madogo ambayo siku hizi hupata maji kwa msimu tu, lakini zamani yalinywesha mashamba. Pale kila mto ulipotoka korongoni, kabla haujazama mchangani, wakulima waliweka banio. Kutoka kwenye banio waliuelekeza mfereji mkuu, uliojengewa kwa mawe, upite kando ya mguu wa mlima mahali palipo juu kuliko mashamba yote. Kutoka mfereji mkuu ilishuka mifereji midogo, na kutoka hiyo maji yaliingia katika vijishamba vilivyozungushiwa kingo za mawe, mfano wa majaruba ya mpunga, kila kimoja kikiwa kimesawazishwa ili maji yasikimbilie upande mmoja. Mahali palipokuwa na bonde dogo waliinua tuta la mawe na kuupitisha mfereji juu yake. Hawakuwa na vyombo vya kupimia mteremko kama walivyo navyo mafundi wa leo. Kipimo chao kilikuwa maji yenyewe: yakisimama, mfereji umelala mno, yakikimbia na kuchimba, umeinama mno.

Sasa hebu afikiriwe mkulima mwenye shamba la mwisho kabisa, kule chini ambako mfereji unakoma. Maji hayamfikii mpaka yamepita mbele ya mashamba ya wenzake wote. Kila mmoja wao aweza, kwa mawe mawili na donge la udongo, kuyageuza yaende kwake. Hakuna mlinzi awezaye kukesha katika kila mdomo wa mfereji. Ikiwa shamba la mwisho lilijengewa kingo, likasawazishwa na kulimwa, maana yake ni kwamba mwenyewe alikuwa na hakika ya kupata zamu yake. Mtu hajengi jaruba la mawe mahali ambapo hatumaini kuona maji. Na mashamba ya mwisho yako Engaruka, tena mengi. Ushahidi wa mapatano hautafutwi kwa mkulima wa juu, ambaye hata akiwa peke yake duniani angepata maji. Hutafutwa kwa yule wa chini.

Makatibu watakaosema kwamba hayo ni mambo ya kale wakumbuke tu nani hulalamika kwanza katika chama, pembejeo zinapokuja pungufu.

Wageni walipoanza kuandika juu ya mahali hapo, hawakuona mapatano bali waliona ajabu. Mwaka 1883 Gustav Fischer, Mjerumani aliyekuwa akisafiri katika nchi ya Wamaasai, alipita hapo na kuyafananisha mawe hayo na ngome zilizobomoka. Wakati huo wenyeji walikuwa wafugaji, na wale wenye mashamba walikuwa wamekwisha kuondoka zamani. Mwaka 1913 alifika Mjerumani mwingine, Hans Reck, aliyejulikana zaidi kwa kazi yake ya Olduvai mwaka huo huo. Mwaka 1935 akaja Louis Leakey, na taarifa yake ilichapishwa mwaka 1936. Leakey alihesabu. Alikadiria kuwa mji huo ulikuwa na nyumba zaidi ya elfu sita, na watu kati ya 30,000 na 40,000.

Hapo mtu aliyezoea kukagua madaftari hawezi kupita bila kusimama. Leakey alivitazama viwanja vyote vya nyumba vilivyoonekana mlimani, akavihesabu kana kwamba vyote vilikaliwa siku moja. Ni kama katibu ambaye tangu chama kiandikishwe hajamfuta hata mwanachama mmoja: waliokufa wamo, waliohama wamo, na waliojiuzulu na kurudishiwa hisa zao pia wamo. Daftari linakuwa nene, mkutano mkuu unapoitishwa viti vinabaki vitupu. Katika kijiji kilichokaliwa kwa karne tatu au zaidi, nyumba huchakaa, mwana hujenga kiwanja kipya kando ya kile cha baba yake, na cha zamani huachwa. Wataalamu waliofuata walipunguza hesabu hiyo sana. John Sutton, aliyeichunguza Engaruka kwa miaka mingi, aliona kwamba yafaa kusemwa watu elfu chache tu. Kwa nchi kavu kama ile, hao nao si haba.

Uchimbaji wa kweli ulikuja baada ya Uhuru. Hamo Sassoon, aliyekuwa mhifadhi wa mambo ya kale wa serikali ya Tanzania, alichimba mwaka 1964 na tena mwaka 1966. Peter Robertshaw alichimba mwaka 1982. Katika karne hii Daryl Stump amekata mitaro ndani ya mashamba yenyewe na ndani ya mifereji, kazi ambayo waliotangulia hawakuifanya sana kwa kuwa macho yao yalikuwa kwenye nyumba. Kwa kupima kaboni iliyomo katika makaa ya moto wa kale, imejulikana kwamba kilimo kikubwa cha Engaruka kilikuwapo tangu karne ya 15 hivi, na kwamba kiliachwa katika karne ya 18 au mwanzoni mwa karne ya 19. Wakati Wareno wanajenga Ngome ya Yesu pale Mombasa, mwaka 1593 na kuendelea, zamu za maji Engaruka zilikuwa zimekwisha kurithiwa na wajukuu.

Watu hao waliishi katika vijiji saba vilivyoshikamana na mteremko wa chini wa mlima. Kila nyumba ilisimama juu ya kiwanja kilichochongwa mlimani na kuzuiwa kwa ukuta wa mawe upande wa chini. Nyumba zilikuwa za mviringo, za miti na nyasi, nazo zimeoza zamani. Viwanja vimebaki kama ngazi. Kwa nini walikaa juu ya mawe, na uwanda uko wazi? Yamesemwa mambo ya kujilinda na adui, na huenda yamo. Lakini ipo sababu nyingine ambayo mkulima yeyote aijua: ardhi inayofikiwa na maji haijengwi nyumba. Walilala mahali pasipolimika.

Zao lao kubwa lilikuwa mtama. Punje zake zilizoungua zimepatikana katika majivu ya nyumba zao. Walifuga ng'ombe, mbuzi na kondoo, na inaelekea kuwa baadhi ya mifugo ilifungwa zizini na kulishwa humo, ili samadi ikusanywe kwa ajili ya mashamba. Jambo hilo si dogo. Shamba linalonyweshwa mwaka baada ya mwaka bila kupumzishwa huchoka, na watu waliokaa mahali pamoja karne nzima hawakuwa na nafasi ya kufyeka pori jipya kila msimu.

Katika sehemu nyingine za uwanda ule Stump aligundua jambo ambalo pengine ndilo la kustaajabisha kuliko yote. Vijishamba vile havikujengwa juu ya udongo uliokuwapo. Udongo uliletwa na maji. Wakulima walipanga safu ya mawe kukinga maji ya mto yaliyojaa matope, matope yakatuama, maji yakaendelea. Msimu uliofuata matope mengine yakatuama juu ya yale ya kwanza. Ukuta ulipofunikwa wakaongeza safu nyingine ya mawe juu yake. Kwa njia hiyo walijitengenezea ardhi, tabaka juu ya tabaka, mahali ambapo kwanza palikuwa changarawe tupu. Aliyepanga mawe ya chini kabisa hakuvuna kitu cha maana hapo maisha yake yote. Alikuwa akiweka akiba katika mfuko wa chama ambao gawio lake lingelipwa kwa watu asiowajua.

Pia imeonekana kwamba mashamba hayakujengwa kwa mkupuo mmoja, kwa amri moja. Yaliongezwa sehemu kwa sehemu, na mifereji ikarekebishwa kufuatana na nyongeza hizo. Basi wale waliodhani kwamba kazi kubwa kama hii lazima iwe na mtawala mkali aliyesimamia umati kwa fimbo, hawana ushahidi. Inatosha kuwa na familia chache, kisha nyingi, na mahali pa kukutania pindi mfereji unapobomoka.

Ni nani basi aliyeamua zamu? Kwa hili msaada hupatikana kwa majirani. Kaskazini-magharibi ya Engaruka, katika Wilaya ya Ngorongoro, wanakaa Wasonjo, wanaojiita wenyewe Watemi, ambao mpaka sasa ni wakulima wa mifereji. Robert Gray, Mmarekani aliyekaa kwao katika miaka ya 1950 na kutoa kitabu mwaka 1963, alieleza jinsi kila kijiji kilivyokuwa na baraza la wazee waitwao wenamiji. Hao ndio walioshika maji. Wao na koo zao walikuwa na zamu zilizohesabiwa kuwa haki yao. Watu wengine walipata zamu kwa kuwatolea ada, na waliosalia iliwapasa kuyaomba maji au kuyanunua kwa mbuzi. Vyombo vya Engaruka vina mfanano na vile vya Wasonjo, na wapo wataalamu waliofikiri kuwa baadhi ya watu wa Engaruka ndio waliohamia huko.

Hapo lazima isemwe kweli, maana katika mikutano ya ushirika watu wamezoea kuusifu ujima wa kale kana kwamba wazee wote walikuwa sawasawa. Mpango wa wenamiji haukuwa wa mwanachama mmoja kura moja. Ulikuwa na wenye nacho na wasio nacho, na mwenye mbuzi wengi alinywesha shamba lake kabla ya mwenye mbuzi mmoja. Ikiwa Engaruka walitumia mpango wa namna hiyo, basi yule mkulima wa mwisho wa mfereji alipata zamu yake kweli, lakini huenda aliilipia. Mpango uliodumu karne tatu haukuwa lazima mpango wa haki. Ulikuwa mpango uliojulikana na kila mtu, na ambao aliyeuvunja alionekana mchana, kwa maana mfereji wa mwenzake ulikuwa mkavu.

Kudumu huko ndiko kulikowafunga. Wachagga wana mifongo yao mlimani Kilimanjaro, Wapare wana ndiva zao, na kule Kenya Wamarakwet wana mifereji yao kwenye ukingo wa Bonde la Kerio. Wote hao wamefika hadi wakati wetu. Lakini Mchagga ana mvua ya mlima, naye mfongo ukikatika migomba yake haifi siku hiyo. Mpare akikosa ndiva ya chini anaweza kulima juu. Engaruka hapakuwa na juu wala pembeni. Pande zote za mashamba ni nchi kavu, na nyuma yake ni ukuta wa mlima. Kila jaruba jipya lililoongezwa lilikuwa mdomo mpya katika mfereji ule ule, na kila mtoto aliyezaliwa alikuwa mgawiwa mpya wa mto ule ule. Maadamu mito ilishuka na maji mengi, hapakuwa na tatizo. Kwa hakika wingi wa maji ndio uliowavuta watu kuongeza mashamba, kwa kuwa hapana aliyejua ni kiasi gani cha maji kilikuwa cha kudumu na kiasi gani kilikuwa bahati ya miaka mizuri.

Miaka hiyo haikudumu. Wataalamu waliochunguza matope ya chini ya Ziwa Naivasha, kule Kenya, wamepata historia ya mvua ya Afrika Mashariki kwa miaka zaidi ya elfu moja iliyopita. Matope hayo yaonyesha kwamba kati ya mwaka 1760 na 1840 hivi pakawa na ukame mrefu, wa miaka themanini. Naivasha si Engaruka, na yafaa kuwa mwangalifu. Lakini wakati huo wakutana vizuri na wakati mashamba yalipoachwa. Sutton mwenyewe alitilia mkazo uchovu wa ardhi na kupungua kwa mito, na huenda kukatwa kwa misitu ya juu kulichangia. Ukame hauhitaji kuukausha mto mkubwa ili kuivunja jumuiya ya namna ile. Yatosha makorongo madogo yakome kutiririka kiangazi. Hapo watu waliokuwa wakinyweshea kutoka makorongo hayo wanalazimika kuja kuomba zamu kwenye Mto Engaruka, ambao zamu zake zimekwisha kugawanywa tangu enzi za babu.

Wapo wanaosema kwamba Wamaasai ndio waliowafukuza. Ni kweli kwamba Wamaasai waliingia katika nchi hizo wakati unaokaribiana na huo, na haielekei kwamba wafugaji wenye nguvu na wakulima wenye maghala walikaa jirani bila ugomvi wowote. Lakini wachimbaji hawakukuta vijiji vilivyoteketezwa pamoja na watu wake. Maelezo yenye uzito zaidi ni haya, kwamba adui, kama alikuwapo, aliwakuta wamekwisha kudhoofika. Mashamba ya pembeni yalikuwa yamekwisha kuachwa, vijana wamekwisha kwenda kutafuta ardhi kwingine, na waliobaki hawakutosha kuzibua mifereji. Kazi ya kuzibua mfereji haipungui watu wanapopungua. Urefu wake ni ule ule, na mawe yaliyoporomoka ni yale yale. Nyumba mia zilizoifanya kazi hiyo kwa siku mbili, zikibaki ishirini zaihitaji siku kumi, na katika siku hizo mtama unakauka.

Kwa hiyo hawakutoweka usiku mmoja. Walipungua. Wengine yaelekea walikwenda Sonjo, wengine kwa Wairaki wa nyanda za juu, na wengine wakawa wafugaji na kuchukua lugha ya wafugaji. Watoto wao wamo katika nchi hii, wakiitwa kwa majina mengine, wakilipa ada za vyama vingine. Lililotoweka ni lile jina walilojiita, pamoja na orodha ya zamu, ambayo ilikuwa vichwani mwa wazee tu.

Leo Engaruka inalimwa tena. Wamaasai wenyewe hulima, pamoja na watu wa makabila mengine waliohamia, na maji ni ya Mto Engaruka ule ule. Wanapanda mahindi, maharage na migomba. Mifereji ya sasa ni ya udongo, na maji huenda kwa zamu. Sehemu ya katikati, karibu na mto, mashamba mapya yamelala juu ya yale ya zamani, na mkulima anayetengeneza kingo zake huokota mawe yaliyo karibu, ambayo mengi yalikwisha kuokotwa na kupangwa na mtu mwingine kabla yake. Kusini na kaskazini, kwenye makorongo yaliyokauka, hapana anayelima. Huko ndiko mawe yalikobaki mahali pake, na mtu aweza kuufuata mfereji kwa miguu, kutoka mdomo wa korongo, kupita jaruba baada ya jaruba, mpaka shamba la mwisho.